Nilisema Ni Mashuka Yanayokata Mtandao

Kila siku ya kazi, saa nne na dakika tano asubuhi, mtandao wetu ulikuwa unakufa.

Ukifa, unakaa kimya dakika ishirini hivi. Halafu unafufuka wenyewe, kama vile hakuna kilichotokea.

Siku ya kwanza nikasema bahati mbaya. Ya pili nikasema umeme. Kufika siku ya tano, wenzangu ofisini walishaanza kunong'onezana kwamba hapo kuna mkono wa mtu.

Mimi sikucheka. Mtandao ule niliufunga mwenyewe, kwa mikono yangu hii. Na nilikuwa kwenye mkataba wa majaribio wa miezi mitatu, zimebaki wiki mbili.

Nawasimulia ilivyokuwa. Sitajisafisha.

Kazini waliniita Waya. Kampuni ilikuwa ya bima, ina majengo mawili. La kwanza ndilo la wateja, wanaingia na kutoka tangu asubuhi. La pili liko ng'ambo ya barabara, kama mita mia mbili hivi. Huko ndiko ilikokuwa ofisi ya bosi, na ndiko ilikokaa kompyuta kubwa inayotunza mafaili yote.

Kabla sijaja, faili likitakiwa, mtu anashuka ngazi, anavuka barabara, anapanda ngazi nyingine, anasubiri, anarudi. Mteja huku amekwishanuna zamani.

Bosi akataka majengo yote mawili yawe kwenye mtandao mmoja. Kuchimba barabara tulikataliwa. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, tutapita hewani. Dishi moja juu ya paa la huku, jingine juu ya paa la kule, yanatazamana kama wachumba. Sharti moja tu: kati yao pasiwe na kitu.

"Kitu kama nini?" akauliza.

"Ukuta, mti, bango. Chochote."

"Basi hakikisha hakuna."

Nikahakikisha. Au niseme ukweli, nilihakikisha nusu.

Katikati ya majengo yetu, pembeni kidogo, kulikuwa na jengo kuukuu la ghorofa nne. Ili madishi yaone juu ya paa lake bila shida, nilihitaji nguzo za mita tatu. Sasa bomba la chuma la mita tatu likagoma kupita kwenye kona ya ngazi za mwisho. Nikalilaza, nikalisimamisha, nikalizungusha, likawa linachubua rangi ya ukuta tu.

Nikachukua msumeno, nikakata mita moja.

Sikumwambia mtu. Nikajiambia mita mbili zinatosha.

Siku tulipowasha, watu walipiga makofi. Faili lilitoka jengo la pili likafika la kwanza kabla mteja hajamaliza kukaa kwenye kiti. Bosi alinipa mkono mbele ya wote.

Kesho yake, saa nne na dakika tano, kimya.

Ndipo zikaanza zile siku za mateso. Foleni ya wateja inafika mlangoni, makarani wamekunja mikono, kila mtu ananitazama mimi. Nilibadilisha waya. Nilibadilisha vichwa vya waya. Nilikaza kila skrubu iliyokuwa inakazika.

Bosi akaniita. Hakupandisha sauti. Bosi yule hakuwa mtu wa kelele, na hapo ndipo alipotisha.

"Waya, Alhamisi kuna kikao. Nataka uniambie ni nini. Usije na 'nadhani'. Uje na jibu."

"Sawa, bosi."

"La sivyo usije."

Jumatano nikapanda paani na darubini. Saa nne na dakika tano mtandao ukakata, na mimi jicho langu liko kwenye lenzi. Nikatazama mstari wa madishi polepole, kutoka huku hadi kule.

Nikaona kitu cheupe.

Juu ya paa la lile jengo kuukuu, mwanamke alikuwa anaanika mashuka. Mawili makubwa, yamelowa chapachapa, yanapepea palepale usawa wa mstari wangu.

Jamani, nilipiga kelele peke yangu kule juu kama mwehu. Maji huzuia mawimbi, hilo kila fundi analijua. Nimempata mchawi!

Nikashuka mbio, nikavuka barabara, nikapanda ghorofa nne bila kupumzika.

Yule mama alikuwa mtu wa miaka sitini hivi, mwembamba, mikono imejikunja kwa sabuni. Alikuwa anafagia na kupiga deki ngazi za jengo lile, na kwa kazi hiyo mwenye jengo alimwachia kachumba ka pale paani. Mlango ulikuwa wazi. Ndani, kitandani, alilala mumewe. Kiharusi kilimchukua upande mmoja miaka minne iliyopita.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu. Samahani kwa harufu, ndiyo kwanza namaliza kumsafisha mzee. Kila siku nafua haya haya, namshukuru Mungu jua lipo."

Ndoo ya maji ilikuwa imebaki chini ya ngazi za mwisho. Nikaenda kumchukulia. Mzee aliponiona nimeibeba, alinyanyua mkono wake mmoja mzima, akasema kwa taabu, maneno yakiburuzika:

"Asante, kijana."

Nikamweleza mama habari ya madishi. Alisikiliza kwa makini, ameshika pindo la shuka kama mtu aliyekamatwa na mali ya wizi.

"Kumbe ni mimi ninayewakwamisha? Mungu wangu! Basi niambie mwanangu, nianike wapi? Nitahamisha kamba leo leo. Hata pale nyuma ya tangi la maji."

Nikatazama nyuma ya tangi. Palitosha kabisa. Dakika tano za kazi.

"Usihangaike mama. Kwanza nikaseme kikaoni, halafu nitawaongelea."

Nikamwandikia namba yangu ya simu kwenye kikaratasi.

Mnajua kwa nini sikumwacha ahamishe kamba? Kwa sababu kikao kilikuwa kesho. Nilitaka nikifika, tatizo liwepo bado, nilionyeshe kwa kidole, watu waone kwamba nililipata mimi.

Alhamisi, kikaoni.

"Ni nini?" bosi akauliza.

"Mashuka, bosi."

Watu wakaangua kicheko. Bosi hakucheka.

"Mashuka ya nani?"

Nikaeleza. Mhasibu akauliza swali la maana, la pekee siku ile: "Lakini Waya, mashuka yanakaa kambani hadi mchana. Mbona mtandao unarudi baada ya dakika ishirini?"

Swali hilo sikuwa nimejiuliza. Nikatazama meza, nikatunga jibu palepale.

"Yakiwa mabichi yanazuia. Upepo ukiyakausha kidogo, yanapitisha."

Uongo mtupu. Hata mimi mdomo uliniwasha.

"Ila yule mama yuko tayari kuhamisha kamba," nikaongeza.

Bosi akashika simu. "Leo mashuka, kesho godoro, keshokutwa sijui nini. Sifanyi biashara kwa kutegemea kamba ya kufulia." Mwenye lile jengo alikuwa rafiki yake. Waliongea dakika moja, wakacheka kidogo, akakata.

"Leo saa tisa wanaondoka. Waya, upande paani upime. Nataka uniambie mtandao umepanda kiasi gani."

Nilifungua mdomo niseme kuna mgonjwa. Nikakumbuka wiki mbili zangu. Nikafunga.

Saa tisa alasiri nilikuwa paani, laptopu mapajani, darubini shingoni. Kwenye kioo cha laptopu kulikuwa na namba ya nguvu ya mawimbi. Sitini na moja.

Walinzi wawili walitokea kule juu. Mama aliongea nao, ameunganisha viganja. Mmoja akatikisa kichwa. Mama akaenda kwenye kamba, akaanua mashuka yake. Nadhani siku ile alichelewa kufua, maana bado yalikuwa na maji, niliona akiyakamua. Akaifungua kamba.

Paa likabaki tupu.

Nikatazama laptopu.

Sitini na moja.

Nikadhani imeganda. Nikaifunga, nikaifungua tena.

Sitini na moja.

Haikupanda, haikushuka. Yale mashuka hayakuwahi kuzuia chochote. Mita yangu niliyoikata haikuwa na kosa, na kamba ya mama haikuwa na kosa. Mawimbi yalikuwa yanapita juu yake muda wote, bila hata kugusa pindo.

Simu ikaita. Bosi.

"Vipi, imepanda?"

Sasa hapa nisikilizeni vizuri. Wakati huo mzee alikuwa bado yuko ndani ya kile chumba. Walinzi walikuwa ndiyo kwanza wanashika pembe za godoro. Neno moja kutoka kwangu lingewasimamisha.

"Vipi Waya?"

"Imepanda, bosi."

"Kazi nzuri."

Nikainua darubini. Walimtoa na godoro lake kama watu wanaohamisha samani. Mkono wake mmoja, ule mzima, ulishika kizingiti cha mlango. Mlinzi akauchomoa, kidole kimoja kimoja. Mama alikuwa nyuma, ndoo kichwani, yale mashuka mabichi yako ndani.

Wakaingia kwenye ngazi, sikuwaona tena.

Kesho yake Ijumaa, saa nne na dakika tano, mtandao ukafa.

Nilikuwa nimelitegemea hilo. Safari hii sikupanda juu. Nilivuka barabara mbio hadi jengo la pili, mahali ambapo waya wa dishi unashukia.

Na hapa kuna kitu sijawaambia. Kabati la vifaa la jengo la pili lilichelewa kuletwa. Kwa hiyo kile kifaa kinacholisha dishi umeme nilikichomeka kwa muda kwenye soketi ya kijikoni, nyuma ya friji. Kwa muda. Kabati lilipofika, nikasahau.

Nikasukuma mlango wa jikoni.

Birika la umeme lilikuwa linachemka. Plagi ya kifaa changu ilikuwa imelala mezani, kando ya sukari.

Dada wa Chai alikuwa anapanga vikombe. Ndivyo tulivyomwita, mwanamke mpole, alikuwa pale kabla yetu sote.

"Dada, hii nani kaichomoa?"

"Mimi."

"Wewe?"

"Sasa birika nichomeke wapi? Soketi ziko mbili, moja ya friji. Bosi anataka chai yake saa nne. Nikimaliza si narudisha?"

"Tangu lini?"

"Tangu ulipokileta. Mbona hukuniambia kisiguswe?"

Kwenye kile kifaa kuna kumbukumbu inayoonyesha kilizimwa saa ngapi na kuwashwa saa ngapi. Fundi yeyote anayejua kazi angeifungua siku ya kwanza. Mimi nilikwenda kutafuta mchawi kwenye paa la watu.

Dada wa Chai akasimama, kikombe mkononi.

"Ngoja kwanza. Si walisema ni mashuka? Si kuna mgonjwa walimtoa jana?"

Nikatazama viatu vyangu.

"Waya. Sasa wale watu?"

"Nitamwambia bosi."

Na nilimwambia, hilo msininyime. Nilisimama mbele ya meza yake nikamweleza birika, soketi, kila kitu. Alikuwa anakoroga chai ileile.

"Mtandao ulipona lini?" akaniuliza.

"Leo bosi, nimerudisha plagi sasa hivi."

"Hapana. Ulipona jana saa tisa. Wewe mwenyewe uliniambia umepanda." Akapiga funda moja. "Au ulinidanganya?"

Nikatikisa kichwa.

"Ulipona jana, bosi."

"Vizuri. Leta ekstensheni kijikoni. Na hii hadithi ya birika iishie kwenye meza hii."

Jumatatu Dada wa Chai hakuonekana kazini. Wakasema ameacha mwenyewe. Sikuuliza.

Baada ya wiki mbili nilipewa mkataba wa kudumu. Kwenye barua waliandika kwamba nimeonyesha "umakini katika kutafuta chanzo cha tatizo". Mke wangu aliisoma kwa sauti sebuleni, akanikumbatia. Nikamwambia naenda kuoga. Niliacha maji yakawa yanamwagika, mimi nimekaa chini.

Mwezi na nusu ukapita. Siku moja mchana simu ikaita, namba ngeni.

"Mwanangu, ni mimi. Wa mashuka."

Nikasimama bila kujua nimesimama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mzee ametutoka. Kile chumba tulichopata kilikuwa na unyevunyevu, kifua kikambana. Kesho ndiyo tunamzika. Nimekosa mtu wa kubeba, wako watatu tu. Nikakukumbuka, wewe ulisema utatuongelea. Najua ulijaribu."

Ningeweza kusema pale pale. Nilivuta pumzi kabisa.

"Nitakuja mama. Pole sana."

Nikaenda. Nilibeba upande wa kulia, mbele. Njia ilikuwa ndefu, ina mashimo, na jeneza lilikuwa zito kuliko nilivyotegemea kwa mtu aliyekonda vile. Bega lilichubuka, sikubadilishana na mtu. Kaburini tulimshusha kwa kamba, kidogo kidogo, nimeuma meno.

Tulipomaliza, mama alinishika mkono akanipeleka kwa ndugu mmoja mmoja.

"Huyu ndiye fundi aliyetutetea kule mjini."

Kaka wa marehemu, mzee mwenye mvi kichwa kizima, alinishika kwa mikono miwili.

"Mungu akulipe, mwanangu."

Mwingine: "Watu kama nyinyi wamekwisha duniani."

Nikawa naitikia kwa kichwa. Asante. Asante.

Tukarudi nyumbani kwao. Mlangoni alisimama mtu na jagi la maji na beseni, anawanawisha waliotoka makaburini. Nikanyoosha mikono yenye udongo.

"Karibu, Waya. Nawa."

Nikainua macho.

Dada wa Chai.

Alimimina maji taratibu hadi udongo wote ukatoka. Akamgeukia mtu aliyefuata.

Mama alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Njoo huku."

Tukaenda pembeni ya ukuta, peke yetu. Hakulia. Macho yake yalikuwa makavu, yametulia.

"Huyu alitutafuta siku tatu nzima, wiki ileile. Alipotupata alipiga magoti, akaniomba msamaha kwa sababu ya birika. Birika, mwanangu! Nikamsamehe hapohapo. Tangu siku hiyo ndiye aliyekuwa ananisaidia kumgeuza mzee."

"Mama, mimi..."

"Wewe nilikusubiri. Nilisema, kijana ana namba yangu? Hana. Lakini yule dada naye hakuwa nayo, na alifika." Akafunga vizuri kanga yake kiunoni. "Mzee alikuwa anakutaja. Yule aliyembebea ndoo mke wangu, anasema, atakuja tu. Sikumwambia kitu. Amekufa anajua wewe ni mtu mwema."

Nikaanza kulia. Yeye akaningoja nimalize, kama mtu anayengoja mvua ipite.

"Wa kubeba walikuwepo," akasema. "Tena walizidi. Mara ya kwanza ulimshusha kwa mdomo wako, uko mbali, unatazama; nilikuona juu ya paa lenu, simu sikioni. Nilitaka leo umshushe kwa mikono, umjue uzito wake."

"Na wale... mbona umewaambia nilikuteteeni?"

"Ili wakushukuru. Wale ni watu wa shukrani sana. Popote watakapokuona, watakushika mikono miwili."

"Nisamehe, mama."

"Hapana."

Alisema hivyo tu, bila hasira, kama mtu anayekataa kuongezewa chai. Kisha akanipangusa vumbi begani, palepale palipochubuka.

"Nenda mwanangu. Usije ukachelewa kazini."

Huu ni mwaka wa tatu. Bado nafanya kazi pale, najua wengi mtanitukana kwa hilo. Tukaneni. Yule kaka wa marehemu alikata bima kwetu mwaka jana, kila akija anaulizia dirishani, "Yuko wapi yule fundi wetu?" Naitwa, nashuka, ananishika mikono miwili mbele ya wateja wote.

Mkitaka funzo, ninalo moja tu. Kosa langu la kwanza lilikuwa ujinga, na ujinga watu husamehe. Mmeona wenyewe Dada wa Chai alivyosamehewa. Lililoniua ni lile la kwenye simu, maneno mawili, wakati namba naiona kwa macho yangu na mzee bado yuko chumbani kwake.

Ukishajua, sema saa hiyohiyo. Kazi nyingine utapata.